Doralba Anastaafu, na Ukuta Wake Njooni Muuibe

Doralba anastaafu! Ijumaa tarehe 28 Novemba anarudisha funguo za kitalu na viatu vya mpira, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Bustani ya jiji letu la Medellín. Haya, nimeshasema. Sasa, hamjambo nyote.

Mkuu wa idara ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilipika kahawa ofisini hapo miaka mingi, kwa hiyo mimi ni mfanyakazi mwenzake. Kwamba mimi ndiye niliyemzaa ni jambo la pembeni, nitaligusia mara chache tu. Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta makosa, mlaumuni aliyeniomba.

Doralba Úsuga aliingia kazini akiwa msichana wa kujaza udongo kwenye vifuko vya miche. Mimi majirani niliwaambia amepata kazi ya uinjinia. Jioni akarudi ana matope hadi masikioni, na Bi Fabiola wa mlango wa pili akauliza kama siku hizi mainjinia wanalala kwenye mitaro. Sikukata tamaa. Wiki iliyofuata nikampandisha cheo, akawa injinia mkuu.

Vyeo vya kweli navyo vilikuja. Alisimamia kitalu, kisha akapewa kikosi cha kupeleka mimea sehemu zilizobanana, ambako hata kiti huna pa kukiweka. Yeye husema mtu wa mjini hahitaji kupelekwa msituni, anahitaji kitu kibichi cha kutazama pale pale anapongojea basi. Kwenye zahanati yetu wagonjwa walikuwa wakikaa mbele ya ukuta wa saruji na kugombana na karani. Doralba akaomba ukuta utobolewe, nyuma yake akatengeneza kiua cha kangaga, ile mimea ya kivulini yenye majani kama manyoya, na maji yanayodondoka. Karani anasema ugomvi bado upo, ila sasa ni wa nani akae benchi linalotazama kangaga.

Na ile barabara kuu ya mabasi, iliyokuwa inawaka kama kikaango, leo ina miti katikati. Jua likiwa kali watu huvuka bila sababu yoyote, wapite tu kivulini. Mimi huvuka kwenda na kurudi, nikiwaeleza waliopumzika pale ni mtoto wa nani aliyeipanda. Siku hizi wakiniona naja, wengine huhamia juani.

Mtauliza nyumba ya mama wa mtu kama huyo ina mimea gani. Ina waridi za plastiki, nazifuta vumbi kila Jumamosi. Kila mche alionipa mwanangu niliuua kwa mapenzi, yaani kwa maji. Siku moja watu wa televisheni walikuja kunihoji, na mpiga picha akainama kunusa waridi. Alipoinuka alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ukuta wa ngazi za mtaa wetu, ule unaoshikilia kilima. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Doralba akauvika kangaga, begonia na mimea ya kutambaa toka chini hadi juu. Mwezi wa kwanza nusu yake ikatoweka. Mnajijua. Mche wa kupewa hatuuamini, tunaona ule wa kuibwa ndio unaoshika mizizi. Na mche hatuushukurii, usije ukanyauka. Kila bibi aliyepita alikuwa na mkasi kifuani. Doralba akakasirika, akaweka mlinzi. Wiki haijaisha mlinzi akakutwa na begonia ndani ya kofia, anampelekea mama yake.

Siku hiyo alikaa jikoni kwangu akacheka mpaka kahawa ikapoa. Halafu akasema, "Mama, hawa hawaharibu. Wanapanda."

Tangu hapo, mstari wa chini, pale mkono unapofika, aliupanda kwa ajili ya wezi. Kwenye karatasi za ofisi aliuita hasara ya kawaida. Leo tazameni kilima chetu: kila kibaraza kina kopo la rangi lenye majani, na kwa Bi Fabiola begonia imestawi ndani ya choo kilichopasuka, na anakionyesha kwa wageni bila haya.

Sasa lililo zito. Ukuta umepata nyufa. Jumatatu tarehe mosi Desemba mafundi wanaubomoa wajenge mwingine, na huo mpya hautapandwa kitu. Doralba aliposikia alisema haji kwenye sherehe yake ya kuagwa. Alisukuma arepa, mkate wake wa mahindi, pembeni, akaniuliza akacheke vipi wakati miaka yake yote inazolewa na tingatinga.

Aliyeokoa jahazi ni Bi Fabiola, aliyekuwa jikoni bila kualikwa, kama kawaida yake. "Wewe Doralba, umetulea wezi miaka yote hii, leo unashindwa kututumia?"

Mwanangu akaivuta tena arepa yake. Kisha akauliza mtaa mzima una mikasi mingapi. Nikajua amerudi.

Mpango ni huu, na ndio sherehe yenyewe. Tunauiba ukuta wote kabla mafundi hawajafika. Kila nyumba inatunza kipande chake, na ukuta mpya ukikauka tunaupandikiza wenyewe, mpaka mstari wa wezi. Doralba atakuwepo kutuonyesha pa kukata. Mimi niliomba kangaga mmoja tu. Akasema, "Mama, wewe utakoroga supu." Kwa hiyo nakoroga sancocho, kwenye sufuria kubwa, kwa kuni, pale pale chini ya ngazi.

Wasifu kama huu humalizika kwa shukrani. Huu hapana. Mkuu wa idara alinionyesha hotuba yake, imejaa asante kila mstari, nikazifuta zote kwa kalamu yangu. Hatuwezi kuua ukuta mzima kwa adabu. Atakayemshukuru Doralba siku hiyo atakula mwiko badala ya supu.

Mwanangu, ulale mpaka uchoke kulala, magoti yako yapone, na usije kupanda chochote kwangu. Ninyi wengine, leteni makopo, ndoo, hata vyoo vilivyopasuka. Ni Jumapili tarehe 30 Novemba, misa ya asubuhi ikishatoka, kwenye ngazi, kila mtu na mkasi wake.