Pale Magari Yanapohama Upande

— Weye Balozi, acha kudanganya bantu! Motokari zote zinahama upande mara moja, kama bantu banatoka ku misa?

— Minye nilifika pale, Doudou. Weye ulikuwa wapi? Ulikuwa hapa, unapuliza tairi.

— Ulifika mwaka gani?

— Ule mwaka wa sabuni.

Evariste alifumba macho. Ule mwaka wa sabuni kila mtu mtaani aliujua. Ndio mwaka Germain alipobeba katoni tatu za sabuni hadi Kasumbalesa, mji wa mpakani, akaziuza kwenye barrière, kizuizi cha mpaka, bila kutia mguu Zambia, akarudi Likasi jioni ileile. Tangu siku hiyo akaitwa Balozi, na hakuna safari ya nje ya nchi iliyoweza kujadiliwa pale kijiweni bila yeye kusafisha koo kwanza.

Kijiwe chenyewe kilikuwa mbele ya kibanda cha Doudou, kwado wa mtaa, yaani mziba matairi. Benchi halikuwa benchi. Lilikuwa kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani, na bado lilikuwa na mkanda mmoja ambao Balozi hupenda kuufunga akiwa na mambo mazito ya kusema. Kila asubuhi mke wa Doudou alileta chupa ya kahawa yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na vikombe vinne visivyofanana. Michée alichukua kila mara kile chenye mkono, kwa sababu yeye ni Injinia. Uinjinia wake ulitokana na kofia ngumu ya manjano aliyopewa kiwandani siku alipostaafu, na ambayo aliivaa hata akienda kunyoa.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi walikuwa wakipanga safari ya Evariste, na Evariste alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili.

Jumapili alikuwa ametimiza miaka thelathini ya ndoa na mkewe Philomène. Wanakwaya wa parokia wakawapeleka kutembea juu ya ziwa Tshangalele kwa mashua ya injini. Padri aliandika “croisière”, yaani safari ya meli ya anasa, kwenye karatasi ya matangazo, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuiita mashua. Kwa kweli ilikuwa mashua ya samaki iliyooshwa mara mbili, na viti vya plastiki vimefungwa kwa kamba. Walipofika katikati ya maji, upepo ukamwingia Evariste kichwani. Akasimama, mashua ikayumba, mama wawili wakaita Bikira Maria, naye akapaza sauti:

— Mama Jenny! Jumamosi yenye inakuja, nakupeleka Zambie na motokari yetu!

Kwaya nzima ikapiga vigelegele. Philomène alishika kiti chake kwa mikono miwili, akatazama maji. Na tangu Jumapili hakusema neno juu ya jambo hilo.

Ahadi hiyo haikuwa mpya. Aliitoa siku ya arusi, na akaitoa tena siku waliponunua gari. Mara zote mbili Philomène alipanga nguo zake begini, na mara zote mbili alizitoa mwenyewe, moja moja, akizikunja taratibu kama nguo za mtoto aliyekua. Evariste angeweza kuvumilia kutaniwa na kwaya. Lile begi kufunguliwa mara ya tatu asingeweza kulitazama.

Karatasi za kuvukia zilikuwa tayari, na petroli ilikuwemo. Kilichobaki ni kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu nyumbani: aliogopa. Hapa Kongo watu huendesha upande wa kulia, na kule Zambia ni kushoto. Mahali fulani kati ya bendera mbili gari lilipaswa kuhama, na Evariste hakujua litahamaje.

Balozi akafunga mkanda.

— Sikilizeni. Pale mpaka iko na muzunguko moja mukubwa sana. Unaingia, unazunguka mara tatu, mpaka kichwa inasahau upande yake. Halafu polisi anakuuliza: “Kulia iko wapi?” Ukishindwa kujibu, njo anakuachilia.

— Na ukijibu?

— Unazunguka tena.

— Bongo, uongo mutupu, akasema Doudou. Shida haiko ku kichwa, iko ku tairi. Hizi tairi za Papa Evariste zimekula mashimo ya Likasi miaka kumi na moja, zote za mukono ya kulia. Zimezoea. Ukizipeleka kushoto, zitakuvuta kurudi kwetu. Lazima nizibadilishe pale pale mbele ya douane, ku forodha, ya huku kule, ya kule huku.

— Nani amekualika weye? akauliza Evariste.

— Safari bila kwado? Vraiment, vieux!

Michée alivua kofia ngumu, ishara kwamba sayansi inakuja.

— Weye unatengeneza tairi, na mugonjwa njo dereva. Ubongo iko na pande mbili. Ya Papa Evariste yote imemwagika kulia. Kuanzia leo alalie ubavu wa kushoto, ale na mukono ya kushoto, asalimie bantu na ya kushoto...

— Nimusalimie bakwe wangu na mukono ya kushoto?

— Ni siku mbili tu! Bakwe batavumilia. Tuanze na kahawa. Wote, vikombe kushoto!

Wakahamisha vikombe. Balozi akajimwagia kwenye suruali, na Doudou akajiunguza kidevu. Michée mwenyewe, akiwa na mkono wa kikombe sasa umeelekea upande usio wake, alikizungusha mara mbili kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

— Na Mama Jenny je? akasema Evariste, na sauti yake ikawafanya watulie. Muko munamusahau. Motokari yangu volant, ule usukani, iko kulia, na njia yetu iko kulia. Nikiwa nyuma ya lori ya madini, minye naona matako ya lori tu. Yeye njo anakaa kushoto, anatoa kichwa, anaangalia kama njia iko wazi. Ananiambia: “Bado... bado... pita!” Toka hapa mpaka Lubumbashi macho ni yake. Sasa kule tukienda kushoto, yeye ataona nini?

Walifikiri.

— Majani, akasema Balozi kwa huzuni. Ataona majani tu.

— Masikini! akasema Doudou. Mama muzima, kazi imeisha.

— Tumununulie kioo, akasema Michée. Kioo ya salon, ya urefu. Anaikamata ku dirisha, inaonyesha kioo ya pili yenye iko ku mukono ya...

— Non, tujaribu kwanza! akamkata Balozi.

Basi wakajaribu. Evariste alikaa upande wa kulia wa kiti cha basi, mikononi kashika kifuniko cha sufuria. Balozi alijifunga kitambaa kichwani, akakaa kushoto, akawa Philomène. Doudou alichukua toroli lake lenye matairi manne, akawa lori. Michée akasimama mbele akiwa Zambia.

— Bado, Papa Jenny, akasema Balozi kwa sauti nyembamba. Bado... oh, majani mazuri!

— Mama Jenny haongeake vile!

— Lori inakuja! akanguruma Doudou.

— Kushoto! akapiga kelele Zambia. Kushoto yako! Apana, kushoto yangu!

Evariste alizungusha kifuniko upande mmoja na mwili ukaenda upande mwingine. Balozi, aliyesahau kwamba amefunga mkanda, alitaka kuruka, akarudishwa kitini kama aliyevutwa na mkwewe. Toroli likapanda juu ya mguu wa Zambia, na Zambia ikaangukia chupa ya kahawa. Kahawa yote ikaenda mchangani, na wanaume wanne wakaitazama ikizama.

Ndipo walipoona kuna mama amesimama pale, ameshika baiskeli yenye tairi lililolala. Alikuwa mgeni mtaani; alisema anaitwa Estelle, ametoka Kambove tangu alfajiri, na anaomba kuzibiwa tairi kama mchezo umekwisha.

— Haiko muchezo, akasema Balozi akivua kitambaa. Tuko tunapanga safari ya bibi ya huyu muzee. Jumamosi anamuvusha mpaka.

— Aa, muzuri. Na mama mwenyewe amesema anataka kuona nini kule?

Doudou alimtazama Michée. Michée alimtazama Balozi, ambaye alianza kukunja kitambaa. Kisha wote watatu wakamgeukia Evariste, na Evariste akatazama kifuniko cha sufuria.

Mara tatu alikuwa ameahidi, na hakuna hata mara moja aliyouliza.

Alikirudisha kifuniko, akapanda mtaa bila kuaga. Philomène alikuwa amesimama mlangoni, anakung'uta begi lile lile kwa kuligonga kwenye nguzo. Evariste alisimama chini ya ngazi, pumzi juu juu.

— Mama Jenny, kule Zambie unataka kuona nini?

— Nani amekutuma?

— Hakuna. Naogopa ule upande wa kushoto, Mama Jenny. Lakini nataka kujua.

Philomène aliliacha begi likining'inia mkononi.

— Ogopa tu. Minye niliogopa miaka kumi na moja, kichwa inje ya dirisha, na malori inanipigia honi. Hakuna kintu nataka kuona, Papa Jenny. Mutoto wetu Jenny alinielezea: kule, na motokari kama yetu, mwenye volant njo anaona njia yeye mwenyewe. Mpaka ku barrière nitakuambia bado, bado, pita. Tukishavuka, funga kinywa, uendeshe, na uniache nilale mpaka petroli iishe.