Dalali Aliyeogopa Mawingu

Mabinti wa marehemu wamekataa kusoma wasifu huu, wanasema machozi yatawazuia, shangazi zake wamesahau miwani, wote kwa mpigo, kwa hiyo kazi imemwangukia mama yake mzazi, aliyeishia darasa la tatu na asiyejua kupamba maneno, basi vumilieni.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Funguo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili na mwoga wa kwanza, kwani hata kulia alichelewa, kama anayechungulia kuna nani. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza 1982, akauza vitasa dukani kwa mjomba wake, na mwaka 1991 akaingia udalali wa nyumba, kazi aliyoiweza, maana alitangulia kufungua madirisha yote kabla mteja hajafika. Tarehe 17 Juni 1995 alimwoa mshonaji wa mapazia, wakajaliwa mabinti wawili, wakajenga nyumba yao.

Siku zile muuzaji ndiye aliyewalipa madalali wote, wake na wa mnunuzi, na mnunuzi akajiona kahudumiwa bure, kumbe bei ilishapandishwa. Februari 2023 kanuni zikageuka, kila mtu amlipe dalali wake na atie naye saini mapatano kwanza, mnunuzi kabla ya kuonyeshwa hata mlango. Wateja wakang'aka, "Nisaini nini na nyumba sijaiona, we baba?", naye kwa hofu ya kuwapoteza akawa anatanguliza nyumba, karatasi baadaye.

Ndivyo alivyomwonyesha mkunga mstaafu nyumba ya mwalimu, kisha siku ya kukabidhi akamchomekea mapatano, akisema, "Saini tu mama, ni ya kupokea funguo," mkunga akamlipa kwa fedha alizoweka za kuziba paa la nyumba hiyo, na mwalimu, aliyedhani mambo bado ni ya kizamani, akamlipa kwa pande zote mbili.

Tangu hapo aliogopa mawingu. Yakitanda, kijiko kinatua, anasimama kutazama upande wa kwa mkunga, ambako beseni lilikaa juu ya kitanda. Mlango ukibishwa anajificha chooni, mkewe anasema hayupo, kikohozi kinasema yupo. Mama yake alimwonya, "Mvua haina adabu, itakutaja," akajibu, "Nyamaza mama, watasikia." Ikamtaja kweli, kwani mkunga alikwenda kwa mwalimu kulalamikia paa, kila mmoja akaeleza alivyomlipa dalali, wakaenda pamoja kumshtaki.

Baraza la madalali likamnyang'anya kibali, likaamuru arudishe kote kuwili, naye mkononi hana kitu. Presha ikampanda, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na tarehe 3 Mei 2025, mvua ikipiga dirisha la wodi, alimshika mama yake mkono, akauliza, "Kwa mkunga je?", akaambiwa hakuvuji, akakata roho.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliompa chumba alipokosa pa kulala, madalali wenzake waliojibanza kule nyuma, mwalimu, na mkunga, aliyetuambia asubuhi hii kwamba jana mvua ilimkuta amelala pakavu. Pakavu pale marehemu alipalipia kwa kuuza nyumba yake mwenyewe, akitia saini kwanza kama kanuni zinavyotaka, na kumlipa dalali wake.

Umeogopa vya kutosha, mwanangu. Sasa pumzika kwa amani, hakuna anayebisha hodi.