Mavshi Lokhande Awaaga Wenye Njaa

Tarehe 31 Mei, saa kumi jioni, Bibi Chandrabhaga Lokhande atafunga bomba kwa mara ya mwisho katika bafu la wanawake la Kituo chetu cha Tiba Asilia cha Nirmaljal, na kustaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi. Wagonjwa wa kike wamekwisha kuanza kuulizana ni nani atakayeshika mpira wa maji baada yake. Wengine wanauliza kwa huzuni, wengine wanauliza huku wakijisugua mgongo.

Sisi wenzake tunamwita Mavshi, yaani mama mdogo, na hata mkurugenzi wetu, Daktari Paranjape, humwita hivyo anapokuwa na shida. Jarida limeniomba mimi, Sadashiv Pokale wa jikoni, niandike wasifu wake. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mpishi wa kituo ambacho wagonjwa hawali ndiye mwenye nafasi.

Aliajiriwa kubeba ndoo. Baada ya muda akapewa mabeseni ya kukalia, kisha udongo wa kupaka tumboni, kisha yale mashuka ya maji baridi ambayo mgonjwa huviringishwa ndani yake alfajiri akabaki ametokeza kichwa tu, na mwishowe akakabidhiwa bafu zima. Hakuwahi kupandisha sauti. Mama aliyekataa beseni la baridi aliulizwa habari za wajukuu, na kabla hajamaliza kuwataja alikuwa ameshakalishwa.

Lakini sifa yake kubwa ni upekuzi. Mtu anayefunga kwa maji matupu, njaa ikishamkolea, hageuki mtakatifu, anageuka mwizi. Mavshi ametoa achari kwenye chupa ya mafuta ya nywele, karanga kwenye shungi la nywele zenyewe, na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna wenye viungo, kwenye mkunjo wa sari ya mke wa mwenyekiti wa kiwanda cha sukari. Mama yule alijitetea kwamba chevda ile ni ya ndege. Mavshi akasema vizuri, basi ndege waje wale hapahapa, sote tukiona.

Kichekesho ni kwamba adui yake mkubwa alikuwa akilala naye nyumba moja. Mumewe, Bhikoba, anakaanga bajia za viazi kwenye kibanda kilicho mkabala na geti letu. Mke aliwashindisha watu njaa ndani, mume akawapokea nje. Mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi, mwepesi wa mwili na wa roho, alivuka barabara na kuwa mzito tena kabla basi halijafika. Daktari alijaribu kukiondoa kibanda kile, na wanakijiji wakamwuliza kama anataka wagonjwa wake wakose pa kukimbilia. Nyumbani kwao Mavshi na Bhikoba hawakuzungumza habari za kazi, na nadhani ndiyo maana ndoa yao imedumu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka mvua zinapoanza, msafara wa mahujaji wanaokwenda Pandharpur kwa miguu, kwa Mungu wetu Vithoba, hupita mbele ya kituo, nasi hufungua geti tukawaosha miguu kwa maji ya moto na ya baridi. Hakuna wakati wa kazi nyingi zaidi ya huo, kwa hiyo likizo ya kuhiji Mavshi hakuipata hata mara moja. Akaweka nia kwamba akistaafu tu, atatembea njia nzima na mumewe. Peke yake hataki. Alisema ameosha miguu ya wajane wengi mno waliolia kwamba walingoja hadi wakachelewa.

Tatizo lilikuwa Bhikoba. Mtu anayeonja kila karai hawezi kuwa mwembamba, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kulalamika. Daktari wa mjini alimwambia apunguze mwili kwanza, asifikirie hata safari ya sokoni, achilia mbali ya Pandharpur. Mwaka jana, baada ya mvua, Mavshi alimshika mkono, akamvusha barabara mchana kweupe, akamlaza katika wodi yetu ya wanaume afunge kwa maji. Wateja wake walisimama kibandani wakimtazama anavyoingia getini. Mmoja alivua kofia.

Alivumilia vizuri mpaka ikaingia Ekadashi, siku takatifu ya Vithoba. Hapa kwetu siku hiyo nyumba nzima hufunga, na mfungo huo una mapishi yake: sabudana, zile chembe nyeupe za wanga wa muhogo, zikipikwa kwa samli, karanga na viazi. Wali marufuku, kitunguu marufuku, lakini sabudana haihesabiwi kuwa chakula. Ndiyo mfungo wenyewe. Bhikoba akawaeleza wenzake wodini kwamba maji matupu ni ya siku za kawaida, na kwamba kufunga Ekadashi bila sabudana ni kumvunjia Vithoba heshima. Wazee wale hawajawahi kukubali ushauri wowote wa tiba upesi namna ile.

Dada yake akapitisha vitu juu ya ua. Bhikoba akapikia katika chumba cha kuchemshia maji ya bafu, kwenye sufuria kubwa iliyoazimwa jikoni kwangu. Niliambiwa ni ya kuchanganyia udongo. Harufu ya karanga na bizari nyembamba ikafuata njia ya mvuke hadi bafu la wanawake, na akina mama wakaanza kuinuka kutoka kwenye mabeseni bila kuambiwa. Mavshi akaifuata harufu ile hadi mlangoni, akakuta wodi nzima ya wanaume imeketi mistari miwili sakafuni, kila mmoja na jani lake la kulia chakula mbele yake.

“Baba Sunanda, mnafanya nini humu?” akamwuliza mumewe kwa jina la binti yao.

“Tumefunga,” akajibu Bhikoba, shavu limejaa.

Wengine wakaitikia kwa vichwa, maana midomo haikuwa na nafasi. Daktari Paranjape akaja mbio kukemea, na alikemea vizuri, hadi mzee mmoja wa Saswad alipomwuliza kwa upole yeye mwenyewe leo asubuhi amekula nini cha mfungo kwa mama yake. Daktari akakohoa, akaagiza madirisha yafunguliwe.

Kituo kizima kilicheka wiki nzima. Mavshi hakucheka. Watu walipotawanyika, aliketi juu ya gunia la makaa, nami nilikuwa nakwangua sufuria yangu, kwa hiyo nilisikia.

“Unadhani nakunyima chakula,” alimwambia mumewe. “Mimi natafuta mtu wa kutembea naye.”

Kesho yake Bhikoba alianza mfungo upya, safari hii wa maji kweli, na baada ya hapo akala mamumunye yangu ya kuchemsha yasiyo na chumvi bila neno. Mimi nayapika, lakini siyali, kwa hiyo namheshimu. Mavshi naye akawa anakwenda kumpiga maji magotini kila jioni akitoka kazini.

Mwezi wa pili mwaka huu wakajipima kwa safari fupi. Walitoka asubuhi kwenda daraja la mto Nira, sisi tukiwapungia mikono getini. Bhikoba alifika kiwanda cha sukari akaketi kwenye jiwe la kando ya barabara, hakuinuka. Mwili ulikuwa umepungua kweli. Magoti yalikuwa yaleyale. Alirudi juu ya mkokoteni wa miwa, mkewe akitembea pembeni yake. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile, na sisemi ni nani kati yao wawili.

Akamwambia mkewe aende peke yake. Mkewe akakataa, akaingia kwa Daktari kuomba aongezewe muda wa kazi. Daktari alifurahi kupita kiasi, akaanza kutafuta kalamu. Kwa wiki ile ilionekana wazi kwamba Mavshi ataendelea kuosha miguu ya wenzake hadi ya kwake ishindwe kumbeba.

Kibanda cha bajia kikafungwa ghafla. Watu wakadhani Bhikoba ameugua. Kumbe alikuwa amekwenda kwa kiongozi wa kikundi cha mahujaji wa kijiji chetu. Kikundi kile kina lori linalotangulia kila siku na mahema na masufuria, ili watembeaji wakifika wakute chakula, na mpishi wa mwaka jana alikuwa ameunguza wali kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Bhikoba hakuhitaji kubembeleza.

Aliporudi alikuja moja kwa moja hadi kwenye bafu la wanawake. Mwanamume haruhusiwi kuvuka pale, kwa hiyo alisimama nje ya ukuta akasema kwa sauti, kila beseni likisikia.

“Mama Sunanda, wewe tembea. Mimi napanda lori. Kila jioni utakapofika, utanikuta nimeshafika, na chakula kiko motoni.”

Wakati huo Mavshi alikuwa akimpiga maji ya mgongo mke wa mwenyekiti, yule wa chevda, maana alirudi tena mwaka huu. Aliendelea kumpiga palepale, mahali pamoja, hasogezi mpira, hadi mama wa watu akaomba kwa jina la Mungu huyo bwana ajibiwe.

“Usitie mafuta mengi,” Mavshi akasema hatimaye, na sauti haikuwa ile tuliyoizoea.

Mchana huohuo alikwenda kwa Daktari kuliondoa ombi lake. Daktari alisikitika, lakini alilichana mbele yake. Wanawake wote walitoka bafuni siku hiyo macho mekundu, na hakuna aliyesingizia maji.

Mavshi, kwa niaba ya wote waliokaa kwenye mabeseni yako na wote uliowapokonya karanga, tunakushukuru. Umetufanyia kazi kwa mikono iliyolowa muda wote, hukutudharau tulipoiba, wala hukutusema kwa ndugu zetu. Nenda, mama. Njia iwe laini, mvua isizidi, na kila jioni mguu unapokataa, umwone mumeo mbele yako na mwiko mkononi, akikuita jina la mtoto wenu. Ukifika kwa Vithoba utuombee afya, amani na mshahara, lakini tafadhali usituombee hamu ya kula. Hiyo hapa kituoni tunayo ya kutosha.