Rubani Aliyekosa Mazishi

"Unarusha ndege ya tajiri, shida yako nini?" mzee Stavros alimuuliza mwanamke mwenye sare ya rubani aliyekaa mbele yangu, kwenye tramu ya kuelekea uwanja wa ndege wa Essendon. Jina la mzee nililijua kwa sababu alikuwa amejitambulisha kwa behewa zima.

"Mzee wangu, Ijumaa mama alizikwa kwetu Wangaratta. Ndugu zangu ndio waliomzika. Mimi nilikuwa kisiwani Hamilton, nimekaa na ndege namsubiri bosi. Alisema tunaondoka asubuhi. Mchana akapiga simu: leo samaki wanakula chambo balaa, tulia hapo hapo."

"Ulimwambia una msiba?"

"Nilimwambia! Akanipa pole, akauliza kama ndani ya ndege kuna barafu ya kutosha."

"Mshenzi mkubwa! Ungemwacha huko huko na samaki wake!"

"Halafu nani ataniajiri? Hao matajiri wanajuana."

"Basi usilie, binti yangu."

"Silii. Nina hasira."

Kusema kweli alikuwa akifanya yote mawili. Tramu iliposimama alijifuta uso, akanyoosha tai, akashuka.

"Unakwenda kumwambia umeacha kazi?" mzee akampigia kelele mlangoni.

"Nakwenda kumpeleka Cairns, akavue tena."