Mheshimiwa Alonzo Mazyck na Ardhi ya Toomer Creek

Mchungaji wetu, akina mama wa kanisa, waheshimiwa mliotoka Columbia, ndugu na majirani, mimi ni Janelle, mjukuu wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake kwa kuwa ndimi niliyekaa naye nyumbani hadi mwisho. Sijazoea kusimama mbele za watu, naomba mnivumilie nikisoma polepole.

Babu yetu, Mheshimiwa Alonzo Theodore Mazyck, alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa Toomer Creek, Karolina Kusini, akiwa mtoto pekee wa marehemu Hester Mazyck, aliyefanya kazi ya kufungua chaza kiwandani. Alizaliwa kwenye ardhi iliyonunuliwa na mzee Prince Mazyck mwaka 1874, baada ya kutoka utumwani. Mzee Prince hakuandika wosia, na waliomfuata nao hawakuandika, kwa sababu kwetu ardhi ilikuwa ya kila aliyezaliwa katika ukoo, ukitaka kujenga unamwendea mkubwa wa familia, anakuonyesha mahali, basi. Babu alilelewa pamoja na binamu yake, Bibi Ruthie Bell Gadsden, ambaye yuko nasi leo, wakila wali na kaa kutoka sufuria moja.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya kanisa hili, akaendelea na sekondari mjini, kisha akaingia chuo huko Orangeburg mwaka 1961, na mwaka 1969 akapata shahada ya sheria mjini Washington. Miaka yote hiyo watu wa Toomer Creek walikaanga samaki kila Jumamosi wakauza uwanjani, ili Alonzo apate nauli na vitabu. Mama yake alifariki Novemba 1968, kabla ya kumwona akiwa wakili, akazikwa katika makaburi ya ukoo, kando ya maji.

Mwaka 1970 alifungua ofisi ya uwakili juu ya duka la kinyozi, akiwatetea wafanyakazi wa viwanda vya chaza na vijana waliokamatwa bila kosa, na wengi wenu mliopo hapa mlipita ngazi zile. Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na mwalimu Vernelle Smalls, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wawili, mjomba wangu Alonzo Mdogo na mama yangu, Yvette. Mwaka 1976 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo kule Columbia, akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka huku kwetu kukaa pale tangu siku za mzee Prince, akatumikia hadi mwaka 1998, na ni yeye aliyetuletea lami, zahanati na basi la shule. Alikuwa pia mfanyabiashara, mwenye kituo cha mafuta, redio ya nyimbo za injili, na kuanzia mwaka 1984, kampuni ya ardhi na majengo.

Sehemu inayofuata familia ilitaka kuiruka. Nimekubaliana nao kwamba nitaisoma.

Mwaka 1986 Babu alimtafuta ndugu yetu mmoja aliyezaliwa Detroit, ambaye hakuwahi kukanyaga Toomer Creek, akanunua haki yake ya urithi kwa jina la kampuni. Akiwa wakili alijua kwamba mwenye sehemu hata ndogo kiasi gani anaweza kuiomba mahakama igawe ardhi, na isipogawanyika, ipigwe mnada. Ikapigwa mnada, na aliyenunua ni kampuni yake. Familia kumi na moja zilihama, nyumba ya Bibi Ruthie Bell ilivunjwa sufuria zikiwa bado jikoni, na mahali pake pakajengwa nyumba za watu wa likizo, uwanja wa gofu, na geti. Makaburi yetu yalibaki ndani ya geti hilo, na tangu hapo anayetaka kumpelekea mama yake maua hujieleza kwa mlinzi, tena Jumapili mchana tu, kwa kanuni aliyoiandika Babu mwenyewe.

Alipoulizwa, alikuwa akisema, "Nisingenunua mimi, angenunua mzungu." Miaka sita baadaye aliwauzia wazungu. Watu wa hapa waliendelea kumchagua, maana hatukuwa na mwingine wa kutusemea Columbia, na Bibi Ruthie Bell alikuwa akisema kila uchaguzi, "Kura nampa, salamu simpi." Nimekula, nimevaa na nimesoma kwa mali ile, na leo ninapowatazama usoni ninaona haya.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Februari mwaka huu aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama yake. Ilikuwa Jumatano, mlinzi kijana hakumfahamu, akatuambia kwa adabu turudi Jumapili, na Babu hakubishana naye. Njiani aliniambia anataka kuzikwa kando ya mama yake, nikamwombee kwa Ruthie Bell, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Nilimjibu kwamba ombi kama hilo mtu hupeleka mwenyewe. Hakwenda. Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Alhamisi yake nilibeba mtoto wangu nikaenda. Nilimkuta Bibi Ruthie Bell barazani kwenye nyumba ya kupanga, anamenya kunde, nikamweleza. Alimenya kwanza, kisha akasema, akimtaja kwa jina lake la utotoni, "Kwa hiyo Lonnie kafa, na bado anataka kipande." Akanivutia kiti, akampokea mtoto, akanisema kwamba simvalishi soksi, ndipo akaniambia, "Mimi simzuii mtoto kwa mama yake. Mlete. Ila pale kanisani usije ukaniita jirani, mwanangu. Useme alitufanyia nini, na useme mimi ni nani wake. Nitakuwa nimekaa mbele, nasikiliza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, waliomwita Mheshimiwa hata siku alizowatukana, majirani walioleta vyakula hata jiko likakosa nafasi, mawakili na wabunge wenzake, na vijana waliochimba kaburi jana, ambao wote ni wajukuu wa familia zile zilizohamishwa.

Bibi Ruthie Bell, wewe ni binamu yake, na ardhi ile ilikuwa yako kama ilivyokuwa yake. Kwa desturi, wafiwa wa nyumba ya marehemu ndio hutangulia nyuma ya jeneza. Leo watoto wake na wajukuu wake tunaomba utangulie wewe, na watu wa zile nyumba kumi na moja wakufuate, sisi tutakuja mwisho.

Pumzika kwa amani, Babu, katika ardhi uliyopewa.