Kikombe Ambacho Sikukionja

Bwana asifiwe, nyinyi mulioketi mbele, na nyinyi mulioketi karibu na mlango ili mupate kutoka haraka! Nawasalimu wote. Jina langu ni Sifa. Nalisema kwa nguvu kwa sababu hapa mjini Baraka wengi wamelisahau. Hata mchungaji, aliponiita sasa hivi nije mbele, ulimi uliteleza akaanza kusema lile jina lingine, Mama Kitoko. Sikukasirika, mchungaji. Zamani ningekasirika.

Ndugu zangu, Mama Kitoko si mtu. Ni mwanamke wa kwenye televisheni. Alikuja mwanaume mmoja na kamera yake kutoka Bukavu, akatukusanya sisi tuliokuwa tunacheza michezo ya Noeli kanisani, na kwa muda wa miaka miwili tukacheza mchezo wake hapa hapa mjini, na nguo zetu za nyumbani. Mimi nilipewa nafasi ya mama mkwe anayeua watu kwa sumu huku akitabasamu. Mchezo ulionyeshwa kwenye televisheni, halafu ukaingia katika nyumba za video za Nundu, za Mboko, mpaka huku kwetu. Watu wa Minembwe walipanda nao milimani ndani ya simu zao. Hakuna ambaye hakumjua Mama Kitoko.

Munajua desturi yetu. Ukimpa mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele yake, ndipo anapokea. Basi Mama Kitoko alikuwa anaonja. Anaonja vizuri kabisa, anameza, anatabasamu, na wakati wa kumpa mgeni kikombe anachovya kidole gumba. Sumu ilikuwa chini ya ukucha. Mwenye kamera alikuwa anapiga picha ya kidole changu tu, kikubwa, kimejaa kioo kizima.

Aliyekuwa anacheza kama mkwe wangu ni Wilondja. Nyote mulimjua Wilondja, yule mrefu wa koti la kijivu. Katika sehemu ya mwisho nilimpa kikombe, akanywa, akafa. Alikufa vizuri mno! Kwenye nyumba za video watu walisimama juu ya mabenchi. Halafu barabara ikafungwa kwa ajili ya vita, mwenye kamera akabaki Bukavu, na mchezo ukaisha.

Sisi tulifikiri ndiyo mwanzo. Tulijiona tayari tuko Kinshasa. Wilondja alikuwa na kipande cha kioo nyumbani kwake, na kila siku alijifundisha mbele yake namna ya kuwa hakimu, daktari, mzee mwenye ukoma, baba aliyepoteza watoto. Alikuwa na kipawa ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Lakini akialikwa kwenye harusi kuchekesha watu, kabla hajafungua mdomo wanampa gilasi na kupiga kelele: “Kufa kwanza!” Basi anakunywa, anashika tumbo, anaanguka. Wanapiga makofi, wanarudi kula. Hakuna aliyewahi kumwona akiwa hakimu.

Siku moja aliniambia: “Sifa, siku nitakufa ya kweli, batapiga makofi.” Tulicheka sana. Mungu atusamehe.

Mimi je? Shirika moja lilikuja kutafuta waigizaji wa kufundisha watu juu ya kipindupindu, namna ya kutia dawa katika maji ya kunywa. Nilicheza mbele yao, wakafurahi, wakaniandika. Kesho yake kijana wao alinifuata kwa heshima kabisa, akanieleza kwamba hawawezi kumweka Mama Kitoko atie dawa katika maji mbele ya watu. Nilimwelewa. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwamba nilimwelewa! Nikajaribu kupika na kuuza bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, pale karibu na soko. Siku tatu nilikula chakula changu peke yangu. Nikakata kucha mpaka nyamani, vidole vikatoa damu, na watu bado walikuwa wanaangalia kidole gumba.

Na hapa kanisani, ndugu zangu, musinikunjie uso. Wakati wa semina ya wamama nilifika kupika pamoja na wengine. Mama mmoja akanipa ufagio, akaniambia uwanja ni mchafu. Uwanja ulikuwa safi. Nilifagia uwanja safi siku nne.

Sasa niseme dhambi yangu, maana ushuhuda wa kulaumu wengine tu si ushuhuda. Nilipoona watu wananiogopa, nilianza kuitumia ile hofu. Kwenye bomba la maji, foleni ikiwa ndefu, nilikuwa nageuka na kuwapa lile tabasamu la Mama Kitoko. Munalijua. Foleni ilifunguka kama mlango. Mwenye nyumba alipokuja kunisumbua kwa kodi, nilimkaribisha kwa sauti ile laini, nikamuuliza kama ana kiu. Hakurudi wiki nzima. Nilikuwa narudi ndani nacheka, halafu nalia. Kazi waliyoninyima, nikawa naifanya bure barabarani. Na moyoni nikaapa kitu: sitaonja tena kwa mtu yeyote. Anayeniogopa na aogope, afe na kiu yake.

Ndugu zangu, kiburi hicho karibu kiniue.

Wilondja alifika kwangu asubuhi moja ana furaha ya ajabu. Yule mwenye kamera alikuwa amempigia simu. Barabara imefunguka, ana filimu mpya, anatutaka sisi wawili tucheze mume na mke ambao wamekimbia nyumba yao na kurudi kukuta shamba lao lina mtu mwingine. Hakuna sumu ndani! Wilondja alikuwa anatembea huku na huku chumbani, tayari anaongea kama yule mume. Mimi nilimwangalia nikaona amekonda chini ya koti, na macho yake ni ya manjano. Nikamuuliza. Akasema ni vumbi, nisimwambie mwenye kamera.

Nikaleta juisi ya matunda ya marakuja niliyoikamua mwenyewe. Majirani wawili walikuwa wamekaa barazani, wanatuona. Wilondja alinyoosha mkono, halafu akasita. Sijui kama alisita kwa mzaha au kwa mazoea tu, maana mkono wa mtu wa hapa unangoja wenyewe. Mimi niliona kusita kule, na hasira yote ikanipanda.

Nikamwambia: “Mi sitaonja tena kwa mutu. Kama unaniogopa, acha.”

Akaniangalia. Alikuwa rafiki yangu. Akachukua kikombe, akanywa chote, akapangusa mdomo na mkono wa koti. Wale majirani wakatazamana.

Siku kumi na mbili baadaye Wilondja akafa.

Niliwaza nini? Niliwaza, hawatasema ni mimi, wote wanajua alikuwa anaumwa. Lakini hawakujua! Alikuwa ameuficha ugonjwa kwa kila mtu ili asikose ile filimu. Watu walichojua ni kikombe. Mama Kitoko alimpa mkwe wake kikombe, hakuonja, mkwe amekufa. Kwenye kilio, pale msibani, watoto walikuwa wanauliza ataamka saa ngapi, na watu wazima walikuwa wanauliza mimi niko wapi.

Vijana walinikuta nyumbani mchana. Wakang'oa mabati ya nyumba, wakanishika mikono, wakanipeleka mpaka kwenye uwanja wa kilio, kitambaa changu cha kichwa kikabaki njiani. Mmoja alikuwa na bidoni, dumu la mafuta ya kunichomea. Nilimjua, nilimfundisha nyimbo za Noeli.

Wakasema nikiri. Nikasema sikumuua. Nikaapa kwa jina la Bwana, nikapiga magoti, nikalia, ndugu zangu, nililia kutoka tumboni. Na yule kijana wa bidoni akasema kwa sauti ya kawaida tu: “Machozi ile tuliiona ku televizyo. Leta ingine.”

Watu wengine wakacheka. Pale ndipo nilikufa. Mafuta yalikuwa bado, lakini nilikuwa nimekwisha. Maana nilitafuta ndani yangu machozi mengine na sikuyapata. Niliyokuwa nayo ni yale yale! Sauti yangu ya kuomba huruma walikuwa wameshaisikia. Nikinyamaza, Mama Kitoko alikuwa ananyamaza vile vile. Kila kitu changu nilikuwa nimempa yule mwanamke, na sikuwa nimebakiza hata kilio kimoja cha Sifa. Nikasema moyoni, Baba, mimi sina tena cha kusema, sema wewe.

Mama Wilondja alikuwa amekaa juu ya mkeka kati ya wamama, nywele zimenyolewa kwa ajili ya mwanawe. Akainua kichwa. Akasema: “Sifa, niletee mayi.”

Aliniita Sifa.

Vijana waliniachilia kwa mshangao tu. Niliendea mtungi, nikachota. Nikapiga magoti mbele yake. Na kile kiburi changu, ndugu zangu, sijui kilienda wapi. Nikainua kikombe nionje kwanza, mbele ya wote, kama desturi. Nilitaka kuonja! Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Akaweka mkono wake juu ya kikombe. “Usionje. Leta.”

Akanywa yote. Akaweka kikombe chini, akawaambia wale vijana: “Mutoto wangu alikuwa mugonjwa tangu mvua ya kwanza. Ni mi nilikuwa nafula nguo zake. Sasa nitaikala hapa. Mukiona nimeanguka, mumuchome.”

Basi tukakaa. Yeye kwenye mkeka, mimi mbele yake chini, na uwanja mzima unamtazama mama aliyefiwa kama wanatazama mwisho wa mchezo. Jua likatoka juu ya vichwa vyetu likaenda upande wa milima. Hakuanguka. Aliomba maji tena mara mbili, na mara zote mbili alinituma mimi. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Hakuna aliyesema samahani. Yule wa bidoni aliondoka na bidoni yake, mafuta ni ghali.

Huo ndio wokovu wangu. Sikuona nuru wala malaika. Nilimwona mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa akinywa maji kutoka mkononi mwangu, na ndani ya maji yale Bwana alinichukua kutoka kwa Mama Kitoko akanirudishia jina langu. Hasira iliondoka pale. Sijawahi kutabasamu tena kwenye bomba, napanga foleni kama wengine.

Musifikiri mengine yalinyooka. Ile filimu walipewa watu wengine, nasikia ni nzuri. Mabati ya nyumba sikuyaona tena. Niliomba nafasi ya kuigiza sehemu nyingine mbili, na zote mbili walitaka mchawi. Nikakataa, na nikikataa silali njaa kila mara, lakini mara nyingine nalala. Kuigiza bado nakupenda. Nasema hapa mbele ya Mungu, ningependa mara moja tu, kabla sijazeeka, watu wanione nikiwa mtu mwingine.

Mama Wilondja alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Anakaa, anaomba maji, anakunywa bila kunitazama mikono, anaenda. Alipoanza kuumwa mimi ndiye nilimlisha uji, na mchungaji anajua. Na nyote munajua tulimzika Alhamisi iliyopita.

Ndugu zangu, ndiyo sababu nimeomba kusimama leo. Mimi si mjinga. Najua wanavyohesabu kule sokoni: kwanza mtoto, sasa mama, na wote kwa mkono ule ule. Nimeyasikia tangu Ijumaa. Jana mtoto wa jirani alikataa ndizi yangu, mama yake anamshika bega. Na safari hii hakuna mtu kwenye mkeka wa kuniita kwa jina langu.

Ninaogopa. Nawaambia wazi, ninaogopa sana, na kama munaona machozi, ndiyo haya haya, sina mengine.

Lakini Bwana aliyenitetea siku ile sijamwona akizikwa Alhamisi. Kwa hiyo nimefanya kitu. Nimeamka alfajiri nikapika chai, birika mbili kubwa, na mkate. Viko pale nyuma, chini ya dirisha, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ibada ikiisha nitasimama hapo. Nitaonja mbele ya kila mmoja anayetaka, hata mara mia, sina kiburi tena. Kucha zangu muziangalie, nimezikata.

Na kama kuna mmoja kati yenu anayemtumaini Mungu wa Mama Wilondja, mmoja tu, na aje aniambie nisionje.

Nitamngoja. Amina.