Mama Upepo na Mistari ya Chaki Ukutani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi wetu wa baiskeli, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Upepo, anastaafu tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Karakana aliifagia mwisho, na kwa kuwa fundi wa wakati huo hakuwa na haraka ya kuziba pancha, alianza kwa kumsaidia, kisha akawa anamfundisha. Jina alilipata getini: hakuna baiskeli ya kubeba sampuli iliyotoka kabla hajabonyeza tairi kwa kidole gumba. Siku moja alimsimamisha hata Mganga Mkuu, aliyekuja kwa baiskeli yake mwenyewe. "Daktari, huyu mgonjwa wako hafiki," akamwambia. Daktari alishuka, akapiga pampu.

Habari ya mwaka juzi wengi hawaijui. Mimi ninaijua kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa karani mpya, bado katika kipindi cha majaribio. Nilisoma kwamba tairi jembamba na jepesi hukimbia zaidi, nikaagiza matairi membamba kwa baiskeli zote sita. Kwenye lami yalikwenda kama mshale. Lakini njia za kwenda zahanati zetu ni changarawe tupu. Ndani ya wiki mbili sampuli za damu zilichelewa na kuharibika mara tano, wagonjwa wakachomwa sindano upya, na ukaitishwa mkutano wa kufuta usafiri wa baiskeli. Waendeshaji sita wangepoteza kazi. Wa saba ningekuwa mimi.

Siku moja kabla ya mkutano, Mama Upepo alinipandisha baiskeli juu ya mteremko wa changarawe nyuma ya karakana, akaniamuru nijiachie bila kukanyaga pedali, mara tatu, kila mara kwa matairi tofauti. Kila nilipokoma alichora mstari kwenye ukuta wa karakana, kando ya mteremko, kwa chaki ya mumewe, fundi cherehani. Nilipouliza kwa nini nijaribu mimi, alisema mpandaji akiwa yule yule uzito haubadiliki, na hofu yangu haina kilo.

Tairi jembamba lilikoma mapema. Lazima lijazwe upepo mpaka liwe gumu, kwa hiyo hurushwa na kila jiwe, na kila mruko hula mwendo. Tairi pana la zamani lilipita hapo. Tairi pana lakini jepesi, alilokuwa amelihifadhi kabatini, lisilojazwa sana, liliyameza mawe na kunifikisha mbali kuliko yote.

"Mwanangu," alisema, "umepima tairi, hujapima barabara."

Nilidhani mkutanoni angeyarudia hayo. Badala yake alianza hivi: "Karani ameona jambo. Matairi ya zamani ni mazito. Kila tukianza safari na kila kilima tunabeba mzigo wa bure. Alichokosa ni upana. Upana ni kazi yangu, nami niliona nikanyamaza." Kisha akawatoa wote nje wakaone mistari.

Tulinunua matairi mapana mepesi. Safari ya saa nzima sasa ni dakika hamsini na moja. Waendeshaji wote sita wapo. Nami nipo.

Mistari ile mitatu bado iko ukutani. Wapaka rangi wameombwa wairuke. Asante, Mama Upepo, na hasa kwa sentensi ile ya kwanza mkutanoni. Tunakuombea siku nyororo na mwendo wa raha, na barabara ikikataa kuwa nyororo, tairi pana.